Urekodi wa Majina Asilia ya Mahali na Sura ya Nchi katika Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna ya kurekodi majina asilia ya mahali na ya maumbile ya nchi katika Mkoa wa Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita. Majina mengi ya eneo hili yametokana na Kisukuma, Kizinza na Kisumbwa, lakini yameingia katika ramani na orodha za serikali kwa mikono ya makarani na wapima waliosikiliza kwa masikio ya lugha nyingine. Hoja kuu ni kwamba jina la mahali ni ushahidi, na ushahidi huo hutumika ipasavyo pale tu umbo la jina, kitu hasa kinachotajwa na watu wanaolitumia vinapoandikwa kwa pamoja. Katika ukanda wa machimbo hoja hii ina uzito wa pekee, kwa kuwa kilima chenyewe chaweza kuchimbwa kikaisha, na jina likabaki bila kitu cha kuonyeshwa kwa kidole.

1.0 Utangulizi

Wilayani Geita ipo kata ya wachimbaji wadogo ambayo jina lake limeandikwa kwa namna tatu. Ripoti za Mradi wa Kimataifa wa Zebaki, uliosimamiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda (UNIDO) mwanzoni mwa miaka ya 2000, zinaandika Rwamagasa. Maandishi mengine yanaandika Rwamgasa, na orodha za kata zinaandika Lwamgasa. Tofauti hii yaweza kuonekana kuwa ndogo, lakini mtafiti wa afya anayetafuta vipimo vya zebaki vya miaka ile kwa kutumia jina la kata anaweza kuvikosa, na akahitimisha kwamba mahali hapo hapajawahi kupimwa. Kosa la tahajia huwa hapo pengo katika kumbukumbu ya afya ya watu.

Mfano huo unaonyesha kwa nini urekodi wa majina hauwezi kuachwa uwe kazi ya ziada ya karani. Mipaka ya utawala katika eneo hili imebadilika mara kwa mara. Mkoa wa Geita uliundwa mwaka 2012 kwa kuunganisha maeneo yaliyokuwa chini ya mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti, Operesheni ya Anwani za Makazi ilihitaji barabara na mitaa ipewe majina na vibao. Kila hatua ya aina hiyo huchagua jina moja na kuacha mengine. Pasipokuwa na rekodi ya yale yaliyoachwa, uchaguzi huo hauwezi kukaguliwa baadaye.

2.0 Matabaka ya Majina

Majina ya Shinyanga na Geita yamekaa kwa matabaka, na tabaka la zamani halikufutika kila mara jipya lilipokuja. Tabaka la kwanza ni la lugha za Kibantu za wenyeji. Shinyanga ni sehemu ya Usukuma. Geita ni mahali ambapo Kisukuma kinakutana na Kizinza upande wa ziwa na Kisumbwa upande wa Bukombe na Mbogwe. Kizinza ni lugha ya kundi la Maziwa Makuu, na kwa hiyo sauti na viambishi vyake havilingani na vya Kisukuma kila mahali.

Tabaka la pili ni la utawala wa kikoloni wa Kijerumani na wa Kiingereza. Halikuleta majina mapya mengi, bali lilileta tahajia mpya na mazoea ya kutenganisha mji wa zamani na mji wa boma. Hadi leo Manispaa ya Shinyanga ina kata inayoitwa rasmi Old Shinyanga, jina lenye neno la Kiingereza linalotamkwa na wakazi kila siku bila kuonekana geni.

Tabaka la tatu ni la Kiswahili cha taifa. Operesheni Vijiji ya mwaka 1973 hadi 1976 iliwahamisha watu kutoka makazi ya kutawanyika na kuwaweka katika vijiji, na pamoja na vijiji yalikuja majina kama Mwenge, Majengo na Kambarage. Geita ina kata ya Mtakuja, jina ambalo ni kitenzi kamili cha Kiswahili. Makazi yaliyoachwa hayakukosa majina siku hiyo. Yaligeuka mahame, na majina yao yaliendelea kutajwa na watu waliokwenda huko kulima, kuchunga au kuzuru makaburi. Majina ya namna hii ndiyo yaliyo katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa hayamo katika orodha yoyote ya vijiji na watu wanaoyajua ni wazee.

Tabaka la nne ni la madini. Wachimbaji wadogo hutaja maduara, mialo ya kuoshea mchanga na mahali pa rashi kwa majina yanayoweza kudumu miezi michache au miaka mingi. Kampuni nazo huyapa mashimo na miamba majina ya kazi. Mtafiti anayekusanya majina bila kutaja tabaka la kila jina huchanganya la karne iliyopita na la msimu uliopita.

3.0 Umbo la Jina: Sauti na Tahajia

Tahajia ya Kiswahili sanifu ina irabu tano. Kisukuma kina irabu saba, kina irabu fupi na ndefu, na kina toni. Uchambuzi wa fonolojia na mofolojia ya lugha hii uliochapishwa na Herman Batibo mwaka 1985 ulionyesha jinsi sifa hizo zinavyofanya kazi. Jina linapoandikwa kwa irabu tano bila toni, majina mawili yanayotofautiana masikioni mwa Msukuma yaweza kuwa jina moja kwenye karatasi. Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ya urekodi ni sauti iliyonaswa kutoka kinywani mwa mtu anayelitumia jina hilo nyumbani kwake.

Nazali sighuna ni chanzo kingine cha mkanganyiko. Katika Kisukuma mfuatano wa kale wa nazali na kipasuo sighuna umezaa sauti zinazoandikwa mh, nh na ng'h. Sauti hizo zimehifadhiwa katika tahajia ya majina kama Bulyanhulu, Mwanhuzi na Nyang'hwale, wilaya ya Mkoa wa Geita. Mtu asiyejua Kisukuma huzisoma kama herufi mbili zilizowekwa pamoja, na anapoziandika upya huwa na tabia ya kuacha h au kurudisha k na t. Kinyume chake, majina ya Geita kama Nyankumbu na Nyankanga yana nk bila alama ya nazali sighuna. Umbo hilo laweza kuwa dalili ya asili isiyo ya Kisukuma, au laweza kuwa kazi ya karani. Karatasi peke yake haiwezi kuamua, bali matamshi ya wenyeji wa lugha zote mbili.

Hali ni hiyo hiyo kwa r na l. Kisukuma hakina fonimu /r/. Jina la Geita lenye r, kama Nyarugusu, linamtaka mtafiti aulize kama r hiyo ni ya Kizinza au iliingizwa na mwandishi. Upande wa Shinyanga, kata ya manispaa inaandikwa Kitangili, ilhali ziwa ambamo Mto Manonga huingia linaandikwa Kitangiri. Tahajia mbili za namna hii zinapaswa kurekodiwa zote mbili, kila moja na chanzo chake, badala ya moja kusahihishwa kimyakimya.

Viambishi ngeli navyo vimepitia mikono ya Kiswahili. Kiambishi bu- cha Kisukuma hulingana na u- cha Kiswahili, ndiyo maana nchi inayoitwa Busukuma na wenyewe huitwa Usukuma katika Kiswahili. Geita kuna Busanda na Shinyanga kuna Usanda. Ulinganifu huo unatia shaka ya asili moja, lakini hautoshi kuithibitisha. Kiambishi ng'wa-, kinachoonyesha mahali pa mtu fulani au ukoo fulani, kimeandikwa Mwa- katika orodha nyingi, kama katika Mwamashimba na Mwamalili. Badiliko hilo linaficha taarifa ya kijamii, kwa sababu msomaji wa Kiswahili hatambui kwamba sehemu ya pili ya jina huenda ni jina la mtu aliyefungua nchi hiyo.

4.0 Kitu Kinachotajwa: Sura ya Nchi

Jina la mahali huwa halieleweki bila msamiati wa sura ya nchi. Wakulima wa Kisukuma wanaigawa ardhi kutoka kilimani hadi bondeni kwa majina maalumu. Luseni ni udongo wa kichanga wa sehemu za juu. Itogolo ni udongo wa miteremko ya chini ulio mgumu ndani na unaotuamisha maji, ambamo majaruba ya mpunga hutengenezwa. Ibushi ni udongo wenye chokaa. Mbuga ni udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata wakati wa mvua. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani, alieleza katika miaka ya 1930 dhana ya katena, yaani mfuatano wa aina za udongo unaojirudia kutoka kilele hadi bonde. Mfuatano huo tayari ulikuwa na majina katika vinywa vya wakulima wa Usukuma, na N. V. Rounce aliyatumia majina hayo kama istilahi katika kitabu chake cha kilimo cha mwaka 1949.

Neno mbuga linaonyesha hatari ya kutafsiri haraka. Katika Kiswahili cha leo msomaji hufikiria uwanda wa nyasi au hifadhi ya wanyama. Mkulima wa Kishapu anafikiria udongo, maji na zao. Jina la mahali lenye neno hilo, likitafsiriwa kwa maana ya kwanza, hupoteza taarifa aliyokusudia mwenye kulitoa. Ngitili vilevile si uwanda wowote wenye nyasi, bali ni eneo linalofungwa ili malisho yake yatumike kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, ulijenga kazi yake ya kurudisha uoto juu ya desturi hiyo. Maeneo yaliyojulikana kwa majina ya ngitili zake yalikuwa na mipaka, wenyewe na kanuni, na jina lilikuwa njia ya kuvikumbuka vyote vitatu.

Uzoefu wa nchi nyingine unathibitisha jambo hili. Katika nyanda za juu za Uskoti, majina ya Kigaeli hutofautisha vilima kwa maneno kama beinn, meall, cnoc na sgùrr, kulingana na ukubwa na umbo. Wapima ramani wa karne ya 19 waliyaandika majina mengi kwa tahajia ya Kiingereza, na msomaji asiyejua Kigaeli akabaki na sauti isiyomweleza umbo la kilima. Hata hivyo wapima hao waliacha kitu cha thamani: daftari za majina, ambamo tahajia mbalimbali za jina ziliandikwa kando ya majina ya watu waliozithibitisha na maelezo mafupi ya mahali penyewe. Kwa sababu ya daftari hizo, watafiti wa baadaye wameweza kurudi nyuma ya tahajia ya ramani na kulitafuta jina la Kigaeli. Ramani ilikosea, lakini rekodi ilibaki wazi kwa masahihisho.

5.0 Maana ya Jina na Hatari ya Kukisia

Swali ambalo watafiti wengi huanza nalo ni maana ya jina. Swali hilo lina nafasi yake, lakini likiulizwa mapema huzaa hadithi. Mzee aliyeombwa maana hujiona ana wajibu wa kumjibu mgeni, na neno lolote linalofanana na jina hilo hugeuzwa asili yake. Hadithi hizo ni data ya fasihi simulizi na zinastahili kuandikwa, ila zisichukuliwe kuwa etimolojia.

Njia salama zaidi ni kulifanya jina kuwa dhana inayoweza kupimwa ardhini. Kishapu ina kata ya Kiloleli, na Geita ina kata ya Shiloleli. Majina haya yanaonekana kuwa na mzizi wa kitenzi lola, yaani tazama, pamoja na unyambulishaji wa kutendea, na yanatofautiana katika viambishi ki- na shi-. Uchanganuzi huo unaashiria mahali pa kutazamia. Kama ndivyo, panapaswa kuwa na mwinuko, mwamba au ukingo ambao kutoka hapo nchi ya mbali huonekana, na wenyeji wanapaswa kuweza kuuonyesha. Mtafiti akifika na asikute mwinuko wowote, uchanganuzi unapaswa kutiliwa shaka, au jina lilihamishwa na watu waliohama. Matokeo yote mawili yana faida, kwa kuwa la pili hufungua historia ya uhamaji.

Kosa jingine hutokea pale jina la jumla linapochukuliwa kuwa jina maalumu. Mpima anayeuliza jina la mto akajibiwa mongo amepewa neno la Kisukuma lenye maana ya mto. Akiandika Mto Mongo, ameandika neno moja mara mbili katika lugha mbili, na jina lenyewe halijulikani bado. Swali sahihi huwauliza wenyeji namna wanavyoutofautisha mto huo na mwingine ulio jirani.

6.0 Machimbo na Jina Lililokosa Kitu

Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Bulyanhulu ulianza uzalishaji mwaka 2001. Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulifunguliwa mwaka 2009 na ukafikia mwisho wa uchimbaji mwaka 2021. Katika kipindi hicho sura ya nchi ilibadilishwa na mikono ya watu: vilima vikawa mashimo, na mabonde yakawa marundo ya mawe au mabwawa ya masalia.

Orodha ya mashimo na maeneo ya uchimbaji ya Geita ni mfano mzuri wa matabaka kukaa pamoja. Yamo majina ya wenyeji kama Nyankanga, Kukuluma na Matandani, na yamo majina ya Kiingereza kama Lone Cone, Ridge 8 na Star and Comet. Mfumo huo unatosha kwa mhandisi. Hautoshi kwa mwanakijiji ambaye shamba la baba yake lilitambulika kwa kijito, mti na jiwe vyenye majina yasiyomo katika ramani ya mgodi.

Hapa ndipo jina linapokuwa suala la haki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inatambua hakimiliki za kimila, na haki ya kimila isiyo na hati mara nyingi huthibitishwa kwa maneno ya mashahidi. Shahidi husema shamba lilianzia mahali fulani na kuishia mahali fulani. Kama mahali hapo pamechimbwa na jina lake halikuandikwa popote, maneno yake hayana pa kushika. Wachimbaji wadogo walipoondolewa Bulyanhulu mwaka 1996, mjadala uliofuata kwa miaka mingi ulikuwa pia mjadala kuhusu nani alikuwa wapi. Rekodi ya majina haiamui kesi ya namna hiyo, lakini humpa kila upande ramani moja ya kubishania.

Wakati wa kurekodi, basi, ni kabla ya uthamini na fidia. Jina likikusanywa baada ya hapo huwa tayari limebeba madai, na mtafiti hawezi tena kutenganisha kumbukumbu na matarajio.

7.0 Muundo wa Rekodi

Kutokana na maelezo yaliyotangulia, rekodi ya jina moja inahitaji sehemu zifuatazo:

(i) sauti iliyonaswa ya jina ndani ya sentensi ya kawaida, si jina pekee;
(ii) unukuzi unaoonyesha irabu saba, urefu, toni na nazali sighuna, pale lugha inapokuwa na sifa hizo;
(iii) tahajia zote zilizowahi kutumika, kila moja na chanzo na mwaka wake, zikiwemo zile za karatasi za ramani za mizani ya 1:50,000;
(iv) aina ya kitu kinachotajwa, kwa neno la wenyeji kwanza na fasili ya Kiswahili baadaye;
(v) latitudo na longitudo, pamoja na maelezo ya upana wa eneo, kwa kuwa mbuga au ngitili haiwezi kuwakilishwa na nukta moja;
(vi) lugha, tabaka na kundi la watu wanaolitumia jina, pamoja na majina mengine ya mahali hapo hapo;
(vii) simulizi za asili ya jina, zikitenganishwa na uchanganuzi wa mtafiti.

Sehemu ya sita inahitaji uangalifu wa pekee. Mahali pamoja paweza kuwa na jina la Kizinza kwa wavuvi, la Kisukuma kwa wafugaji na la Kiswahili kwa wachimbaji. Mtafiti hana mamlaka ya kuchagua moja. Mikutano ya Umoja wa Mataifa kuhusu usanifishaji wa majina ya kijiografia, ambayo wa kwanza ulifanyika Geneva mwaka 1967, imesisitiza ukusanyaji wa majina katika eneo lenyewe, kwa watu wanaoyatumia. Usanifishaji unakuja baadaye, nao ni kazi ya vyombo vya serikali. Mtafiti ana wajibu wa kuhakikisha kwamba vyombo hivyo vina cha kuchagua.

Rekodi zikikamilika zinapaswa kusomwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji kabla ya kuwekwa maktabani. Usomaji huo huibua masahihisho, huonyesha majina yanayobishaniwa, na huacha nakala mahali ambapo majina yalitoka. Majina ya makaburi, matambiko na mahali pengine pa siri yawekwe wazi kwa idhini ya wahusika tu. Utambulisho wa watoa taarifa nao uhifadhiwe kwa kanuni za maadili ya utafiti, hasa pale ardhi inapokuwa na mgogoro.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba majina ya mahali ya Shinyanga na Geita yamepitia tahajia, utawala, uhamisho na machimbo, na kwamba kila hatua imeacha alama inayoweza kusomwa iwapo imerekodiwa. Tofauti ya Rwamagasa na Lwamgasa, ya Busanda na Usanda, au ya mbuga ya mkulima na mbuga ya msomaji wa mjini, inamwonyesha mtafiti swali la kuuliza. Katika nchi ambayo mwamba unabaki mahali pake, mtafiti aliyekosea anaweza kurudi na kuuliza tena. Katika ukanda wa dhahabu nafasi hiyo haipo kila mara. Kilima kikishachimbwa, ushahidi unaobaki ni sauti ya mtu aliyekijua na maneno yaliyoandikwa wakati bado kinaonekana.